Makadamia za dukani: zipi ununue, zipi uache, na jina lao lilikotoka

Mwenye haraka na achukue hukumu aende zake. Kokwa za makadamia huuzwa madukani kwa sura tano, na inayolipa pesa yake ni ile isiyokaangwa, iliyogawanyika nusunusu, ndani ya mfuko wa foili uliotolewa hewa. Nzima zilizokaangwa kwa chumvi zinafuata kwa karibu, ila hapo unalipia umbo zaidi ya ladha. Zilizopakwa asali ziache rafuni. Zenye ganda ni za mwenye subira na vaisi, kile kibano cha chuma cha fundi. Mafuta yake ni mazuri sana kwenye kachumbari, lakini kuyakaangia maandazi ni kuchoma pesa.

Sababu zinakuja. Kwanza jina, kwa kuwa maelezo mengi ya nyuma ya pakiti hulivuruga, na kwa kuwa asili ya jina inafika mpaka kwenye ladha iliyomo ndani ya mfuko.

Mti wa makadamia haukutoka Hawaii. Hawaii ndiko ulikogeuzwa kuwa biashara kubwa, baada ya William Purvis kupeleka mbegu huko mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwao hasa ni misitu ya mvua ya mashariki mwa Australia, kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, ambako wenyeji walizila kokwa zake tangu zama na zama na kuziita, miongoni mwa majina mengine, kindal kindal. Mwaka 1857 mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller, Mjerumani aliyefanya kazi Melbourne, aliupa mti jina la kisayansi kwa heshima ya rafiki yake John Macadam. Huyu alikuwa Mskoti aliyezaliwa mwaka 1827, mkemia, daktari, mwalimu na mbunge kwa wakati mmoja. Alifariki baharini mwaka 1865, safarini kwenda New Zealand, akiwa na miaka 38. Ukoo wake ukabaki kwenye mti: Macadam, ukaongezwa mkia wa Kilatini, ukawa Macadamia.

Tukifungue kidogo hicho kijina. Mac kwa lugha ya Kigaeli ni "mwana wa". Macadam basi ni mwana wa Adamu, yaani bin Adamu. Kiswahili kilipita njia hiyohiyo kupitia Kiarabu kikapata binadamu. Ndiyo maana ma- iliyo mbele ya makadamia isimponze mwandishi wa bango: si ma- ya maembe na machungwa, na hakuna kadamia moja. Ni mabaki ya mwana wa mtu.

Kuna John mwingine, na hapa ndipo wengi huteleza. John Loudon McAdam, aliyezaliwa Ayr mwaka 1756 na kufa mwaka 1836, ndiye aliyewafundisha Waingereza kujenga barabara kwa tabaka za kokoto ndogo zinazoshikana zenyewe kwa uzito wa magari yanayopita juu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Edgar Purnell Hooley akachanganya kokoto hizo na lami, akapata hataza mwaka 1902, na neno tarmac likazaliwa kutokana na tar, yaani lami, na nusu ya jina la McAdam. Wakenya wanaosema gari limetoka kwenye tamaki wanalitaja jina la mtu bila kujua. Lakini mtu wa barabara si mtu wa kokwa. Pakiti ikikuambia makadamia zimeitwa kwa jina la "mjenzi maarufu wa barabara", ujue aliyeandika hakuangalia.

Kichekesho ni kwamba aina ambayo Mueller aliipa jina hilo kwanza, Macadamia ternifolia, hailiki. Ni ndogo na chungu, na ina viambata vinavyotoa sianidi, ambayo ni sumu. Zinazoliwa ni mbili: integrifolia, yenye ganda laini linaloteleza, na tetraphylla, yenye ganda la vipele. Ukiwa chini ya mti, hesabu majani kwenye kifundo kimoja cha tawi: integrifolia kwa kawaida ina matatu, tetraphylla ina manne yenye miiba pembeni. Shika tofauti hiyo, tutairudia tukifika kwenye kikaango.

Sasa mji. Gympie uko kusini mashariki mwa Queensland. Mwezi Oktoba 1867 James Nash aliona dhahabu kwenye mifereji ya eneo hilo, watu wakamiminika, na kambi ikaitwa Nashville kwa jina lake. Halikudumu. Mwaka 1868 mji ukachukua jina la kijito kilichokuwa jirani, Gympie, na kijito kilikuwa kimelipata kwa watu wa Kabi Kabi, ambao gimpi-gimpi kwao ni mti unaowasha. Unaowasha ni neno la adabu. Majani yake yana umbo la moyo na vinywele vyembamba kama sindano za kioo, na aliyeguswa huweza kusikia maumivu kwa wiki kadhaa, hata miezi. Mwaka 2020 wanasayansi walioichambua sumu yake waliipa jina la gympietide, kutokana na mti huo. Msomaji wa kwetu afikirie upupu, kisha auzidishe mpaka achoke.

Kwa nini mji wenye jina la upupu uingie kwenye uhakiki wa vitafunio? Kwa sababu mwaka 2019 watafiti wa Australia walilinganisha vinasaba vya makadamia za mashambani Hawaii na za misituni, wakakuta kwamba asili ya sehemu kubwa ya makadamia za biashara duniani, wao walikadiria asilimia 70, inarudi kwenye mti mmoja au michache tu ya eneo la Gympie. Karibu zote ni integrifolia. Ndiyo maana pakiti ya Hawaii na pakiti ya Afrika Kusini zinaweza kufanana ladha mpaka ukashindwa kuzitenganisha: ni watoto wa bibi mmoja. Kwa mkulima hilo ni jambo la kutia wasiwasi, maana ugonjwa unaompata ndugu mmoja unaweza kuwapata wote.

Kenya inatofautiana kidogo. Makadamia ziliingizwa mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries karibu na Thika, na mashamba ya nyanda za juu yakaishia kuwa na mchanganyiko wa integrifolia, tetraphylla na chotara zao. Tetraphylla hustahimili baridi ya mwinuko vizuri zaidi, na ina sukari nyingi zaidi. Mbichi ni tamu kushinda mwenzake. Ukiikaanga, sukari hiyo hukimbilia rangi ya kahawia kabla mwenzake hajaanza hata kunukia.

Hapa tunaanza na pakiti ya kwanza: nzima, zilizokaangwa, zenye chumvi. Ishike kwenye mwanga kama ina dirisha. Punje zote zikiwa na rangi moja ya malai, mtengenezaji amezichambua kwa aina kabla ya kukaanga. Ukiona nyeupe na za kahawia zimechanganyika, hazikuchambuliwa, na kwenye mfuko mmoja utakutana na zisizoiva na zilizoungua. Hizo za kahawia si lazima ziwe zimeharibika, bali ni tetraphylla zilizopewa moto wa integrifolia. Kilichoharibika hasa ni punje iliyo sawa nje lakini ukiipasua katikati ina duara la kahawia. Hiyo ilirundikwa ikiwa na unyevu au ilikaushwa kwa joto kali mapema mno, na hakuna chumvi itakayoificha.

Kuhusu umbo, viwandani punje hupangwa kwa madaraja ya namba. Daraja la 0 na la 1 ni nzima, la 2 ni mchanganyiko wa nzima na nusu, la 4 ni nusu, na namba zinavyopanda vipande vinazidi kuwa vidogo. Ladha haipandi wala kushuka na namba. Punje nzima ni ghali kwa kuwa ganda la makadamia ni miongoni mwa maganda magumu kuliko yote ya kokwa zinazoliwa, na kulibangua bila kuipasua punje ni kazi. Kama unampelekea mkwe zawadi, nunua nzima. Kama unakula mwenyewe au unasaga kuweka kwenye keki, nunua nusu, na chenji ibaki mfukoni.

Soma pia kama pakiti imeandikwa mafuta ya mboga kwenye viambato. Chumvi haishiki kwenye punje kavu, kwa hiyo wengi hupaka mafuta kidogo kama gundi. Hilo halina kosa. Kosa ni mafuta ya bei rahisi yanayochacha kabla ya makadamia yenyewe, ukafungua mfuko ukasikia harufu ya rangi ya kupakia milango. Makadamia zina mafuta kiasi cha robo tatu ya uzito wake, na mafuta yana maadui watatu: hewa, mwanga na joto. Mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uliowekwa dirishani mwa duka linalopigwa jua la saa nane, una maadui wote watatu. Foili iliyojazwa nitrojeni au kutolewa hewa ndiyo ya kuaminika. Tafuta tarehe ya kufungasha, siyo ya mwisho wa matumizi peke yake, pamoja na alama ya ubora, ya KEBS kwa Kenya au ya TBS kwa Tanzania, kulingana na upande wa mpaka uliopo.

Za asali tuzipitie haraka. Kwenye orodha ya viambato kinachotangulia ndicho kingi, na mara nyingi ukishapita makadamia unakuta sukari, kisha asali kwa mbali. Sukari huvuta unyevu, na wiki ya pili baada ya kufunguliwa mfuko unashikana donge. Tena tabaka hilo linaficha kila doa la punje.

Isiyokaangwa ndiyo mshindi kwa sababu unakula kilicho ndani, na moto ni wako. Weka gramu 250 kwenye sinia, tabaka moja lisilopandana, oveni ya nyuzi 120, dakika 15 mpaka 20, ukizigeuza kila baada ya dakika 5. Zitoe zikiwa na rangi ya malai iliyokolea, kabla hujaridhika na rangi, maana zinaendelea kujipika zikiwa nje. Ukisubiri mpaka zipendeze ndani ya oveni, umeshazikosa. Zikiwa moto, zitie nusu kijiko cha chai cha mafuta na nusu kijiko cha chumvi laini, uzitikise. Asiye na oveni atumie sufuria nzito juu ya moto mdogo kabisa, na asiache mwiko. Kama pakiti ina mchanganyiko wa aina, chagua zile zinazoanza kubadilika rangi mapema uzitoe kwanza. Ni kazi ya dakika mbili na inaokoa mfuko mzima.

Kabla ya kukaanga kuna kipimo kizuri cha kumkamata muuzaji aliyenunua kokwa changa. Chukua punje kumi, zitumbukize kwenye bakuli la maji ya bomba. Iliyokomaa, yenye mafuta ya asilimia 72 au zaidi, huelea. Changa huzama. Zikizama nyingi, hamia chapa nyingine. Punje changa pia hukunjamana zikikaangwa, na ukizitafuna ni kama raba iliyotiwa chumvi. Usilowanishe mfuko wote kwa kipimo hiki: kumi zinatosha, na ukimaliza zifute uzile.

Kokwa changa zinafikaje dukani? Wizi wa usiku na njaa ya pesa ndivyo vinavyozileta. Mkulima anayehofia kuibiwa huchuma mapema, na dalali hununua bila kupasua. Ndiyo sababu mamlaka ya kilimo Kenya, AFA, hufunga uchumaji kuanzia Novemba na kuufungua mwaka mpya ukishaingia, kokwa zikikomaa. Pakiti iliyotokana na mavuno ya kuanzia Machi ina nafasi bora kuliko ile ya kokwa zilizopita mlango wa nyuma mwezi Desemba.

Zenye ganda zinauzwa kwa namna mbili. Dukani huja zimekatwa mfereji kwa msumeno, pamoja na kiufunguo cha chuma: ingiza, zungusha, ganda linaachia. Hizo ni mchezo mzuri wa mezani, ila mfereji huo ndio mlango wa hewa, kwa hiyo zichukulie kama zilizobanguliwa na usizikalie miezi. Namna ya pili ni kwa ndoo au gunia kutoka kwa mkulima wa Murang'a, Kirinyaga au Embu, na hapo unahitaji maarifa. Pasua ganda la kijani la nje la kokwa chache: upande wake wa ndani ukiwa wa kahawia, kokwa imekomaa. Ukiwa mweupe, rudisha ndoo. Ndoo ikishakubalika, toa ganda la kijani ndani ya saa 24, maana likirundikwa linapata joto na ukungu. Tandaza kwenye wavu kivulini, tabaka jembamba, ugeuze kila siku kwa wiki mbili mpaka tatu. Jua kali halifai: hupasua ganda, na punje inaanza kuchacha kabla hujaila. Tikisa karibu na sikio. Punje ikigonga ndani, imejitenga na ganda na sasa inabanguka.

Nyundo juu ya sakafu tupu hurusha kokwa chini ya kabati. Chimba kishimo kidogo kwenye ubao au tumia tundu la tofali, ilaze kokwa humo ili mshono wake uwe juu, piga mara moja kwa nguvu. Vaisi ni bora zaidi: ibane polepole mpaka usikie mlio, kisha legeza. Njia hiyo ni ya zamani. Husimuliwa kwamba mwaka 1858 Walter Hill, msimamizi wa bustani ya mimea ya Brisbane, alimpa kijana wake wa kazi azibane kokwa kwenye vaisi ili azipande, akamkuta kijana anazila. Hill aliyezidhani zina sumu alisubiri, kijana hakufa, na mti uliopandwa wakati huo bado umesimama bustanini.

Tukiwa kwa mkulima, neno moja kwa anayetaka mche badala ya pakiti. Nunua uliobebeshwa, yaani wenye kikonyo cha aina teule kilichounganishwa kwenye shina la mche mwingine: huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, ilhali uliotokana na mbegu unaweza kukuweka miaka saba na zaidi, na hujui utazaa nini. Kitalu kizuri kitakuonyesha lebo yenye herufi kama KRG-15, MRG-20 au EMB-1. Hizo ni aina zilizochaguliwa na watafiti wa Kenya, na herufi ni za mahali: Kirinyaga, Murang'a, Embu. MRG inastahili kusimamiwa kidogo. Wakoloni waliuita mji huo Fort Hall, kwa jina la ofisa wao Francis Hall aliyefariki mwaka 1901, na baada ya Uhuru Murang'a ikarudi. Nash aling'olewa Gympie, Hall akang'olewa Murang'a, na Macadam, ambaye hakuna mji wala shamba lake katika habari hii, ndiye aliyebaki kwenye kila lebo. Kitalu kisichoweza kukuambia herufi za mche wake kinakuuzia mbegu iliyopandwa kwenye mfuko.

Mafuta. Yaliyokamuliwa bila moto yana rangi ya manjano hafifu na harufu ya kokwa. Sehemu kubwa ni aina ileile ya mafuta iliyo kwenye zeituni, pamoja na asidi ya palmitoleiki ambayo ni adimu katika mafuta ya mimea. Yanahimili moto, lakini harufu uliyoilipia hupotea kikaangoni. Nyunyizia kwenye kachumbari, parachichi au samaki aliyeokwa, tena mwishoni. Chupa iwe ya kioo cheusi. Ya plastiki nyeupe ni ya kupuuza.

Ukishafungua mfuko wowote, hamishia kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, iweke kwenye friji, umalize ndani ya mwezi. Friza huongeza miezi mingi bila kuharibu kitu. Zitoe nusu saa kabla ya kula, ndani ya chupa iliyofungwa, zisije zikatoa jasho. Kiganja kimoja, gramu 30, kina kalori zipatazo 215, kwa hiyo usile mfuko mzima ukidhani umekula karanga. Na mwenye mbwa asimrushie hata moja: makadamia humlegeza miguu ya nyuma, humtetemesha na kumtapisha ndani ya saa 12. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili, lakini mpigie daktari wa mifugo usisubiri.